Tanga Kuukuu, Mkoba Mpya

Mwezi uliopita nilikaa siku nzima katika ukumbi wa hoteli moja ya Dar es Salaam, kadi ya jina shingoni na chupa mbili za maji mbele yangu, nikisikiliza mada kuhusu uchumi wa buluu na uchumi mzunguko. Chupa zilikuwa za plastiki, lakini hilo na tuliache hapo. Mtoa mada wa tatu aliinua mkoba mweupe wenye vishikio vya kamba, akatueleza kwamba umeshonwa kwa kitambaa cha tanga la jahazi lililostaafu, akaupitisha mezani ili kila mmoja aupapase. Nje ya nchi, alisema, mkoba kama huo huuzwa dola 60. Ukumbi ukapiga makofi.

Ulipofika kwangu niliugeuza ndani nje. Ubavuni palikuwa na kiraka cha mraba kilichoshonwa kwa mkono, mishono yake mifupi imelala upande mmoja kama mvua ya upepo. Waliotangulia kuushika walikisifu kiraka kile kana kwamba ni pambo. Mimi nilikitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wa shule aliyosomea. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa matanga Bagamoyo, na utotoni mwangu nilizitumia likizo nyingi nikimshikia upande wa pili wa kitambaa wakati akishona mishono ya namna ile. Kiraka hicho kilikuwa kimewekwa ili tanga liendelee kufanya kazi. Sasa kilikuwa kinapandisha bei ya kitu ambacho hakitaona upepo tena.

Sina budi kusema ukweli wote. Sikuwa pale kama mshiriki tu. Shirika linalouandaa mradi huo lilikuwa limeniajiri kwa muda kama mshauri mwelekezi, niandike tathmini ya wazo lao. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: wenye mashua na majahazi katika bandari kadhaa ndogo za pwani watakabidhi matanga yao ya pamba yaliyochakaa, nao watapewa matanga mapya ya poliesta iliyofumwa kwa nyuzi za chupa zilizorejelezwa. Pamba iliyokusanywa itakuwa mikoba, na vikundi vya akina mama vitafundishwa kuishona. Plastiki inaondoka ufukweni, mvuvi anapata tanga la kudumu, mama anapata kipato. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 22 na iliusifu mradi huo tangu mwanzo hadi mwisho. Niliiandika bila kuinuka katika kiti cha ofisi yangu, nikiwa na mjomba fundi wa matanga umbali wa kilomita zisizofika 80.

Kabla sijafika Bagamoyo, nieleze kidogo kuhusu dhana yenyewe, kwa sababu wanafunzi wangu wamezoea kuisikia ikitamkwa kama jina lingine la kuokota taka. Uchumi tuliouzoea hufuata mstari ulionyooka: chimba au vuna, tengeneza, tumia, tupa. Uchumi mzunguko unataka mstari huo upindwe. Taka zisizalishwe tangu mwanzo, kwenye usanifu wa kitu. Vitu na malighafi vizunguke vikiwa na thamani ya juu kadiri iwezekanavyo. Na asili ihuishwe badala ya kukamuliwa. Hayo ndiyo mambo matatu yanayohimizwa na taasisi ya Ellen MacArthur, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010 na ambayo michoro yake sasa haikosekani katika warsha zetu.

Wanaoionyesha michoro hiyo mara nyingi hawakumbuki kwamba mwanamke huyo alikuwa baharia. Mwaka 2005 aliuzunguka ulimwengu peke yake kwa chombo cha matanga katika siku 71 na saa kadhaa, akavunja rekodi ya wakati huo. Katika safari ya namna hiyo chakula ni kile ulichopakia, mafuta ni yale yaliyomo tangini, na tanga likichanika hakuna duka. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba huko ndiko alikoanza kuona kuwa uchumi wa dunia nao umepakia akiba yenye kikomo. Nahodha yeyote wa jahazi linalotoka Zanzibar kwenda Tanga na magunia ya karafuu angemwelewa bila mkalimani.

Sasa, katika mchoro mashuhuri wa taasisi hiyo mizunguko haina hadhi sawa. Ulio ndani kabisa, ulio mfupi na usiopoteza thamani, ni wa kudumisha na kutengeneza. Unafuata wa kutumia tena, kisha kukarabati na kuunda upya. Kurejeleza, yaani kukisaga au kukiyeyusha kitu ili kirudi kuwa malighafi, ni mzunguko wa nje kabisa, wa mwisho, baada ya mingine yote kushindikana. Unatumia nishati nyingi na unaifuta kazi yote iliyokwisha kufanywa juu ya kitu hicho. Hilo nimelifundisha darasani zaidi ya mara kumi. Nalo silo nililoandika katika kurasa zangu 22.

Nilikwenda Bagamoyo Jumamosi, nikiwa na sampuli ya kitambaa cha poliesta ndani ya bahasha. Mjomba hufanyia kazi chini ya mkungu, si mbali na mahali wanaposhusha samaki, ambapo mizigo ya majahazi bado hubebwa mabegani na watu wanaotembea ndani ya maji. Nilimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha, kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani ili kisukume shazia bila kumchoma. Pembeni yake palikuwa na bonge la nta ya nyuki, ambalo uzi hupitishwa juu yake kabla ya kushona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Daktari amekumbuka nyumbani?"

Nilimweleza mradi. Alisikiliza bila kuacha kushona, kisha akaomba sampuli. Aliivuta kwa vidole gumba viwili, akaikunjakunja karibu na sikio asikie sauti yake, akachomoa uzi mmoja akauwasha kwa kiberiti. Uzi haukuwaka, ulijikunja ukawa shanga nyeusi. Akasema ni kitambaa kizuri. Hakitoshika ukungu kikikunjwa kibichi, hakitanyonya maji, na kwa miaka ya mwanzo hakitamsumbua mtu.

"Lakini jua likishakila," akaendelea, "kinachanika popote. Leo unaziba hapa, kesho pembeni ya kiraka. Nguo iliyooza kwa jua haishiki uzi."

Hilo ni kweli, na maelezo yake ya kitaalamu yanajulikana. Mionzi ya jua huikata minyororo ya poliesta taratibu, kitambaa kizima kikadhoofika kwa wakati mmoja, na kila tundu la sindano likawa mwanzo wa mpasuko. Pamba nayo huoza, tena mapema zaidi, lakini kwa kawaida huozea pale ilipokaa na unyevu au iliposuguana na kamba. Panapobakia huwa pazima, pakaweza kukatwa na kuhamishiwa kwingine.

Kisha mjomba akauliza swali lililonirudisha ofisini.

"Na haya makuukuu mnayoyachukua yanakwenda wapi?"

"Yanakuwa mikoba, mjomba. Wanauziwa watalii."

"Sawa. Sasa mwenye ngalawa atanunua wapi tanga?"

Katika kurasa 22 sikuwa nimemtaja mwenye ngalawa hata mara moja.

Hapa nahitaji kusimulia maisha ya tanga kama nilivyoyaona, maana hayajaandikwa katika ripoti yoyote niliyowahi kupewa. Tanga la jahazi hukatwa ardhini, juu ya mchanga uliosawazishwa. Fundi hupima kwa pima na dhiraa, mikono yake ikiwa ndiyo rula, na huziunganisha tepe za kitambaa kwa namna inayoliachia tanga tumbo la kubebea upepo. Likiwa limenyooka kama shuka, chombo hakiendi. Pindoni huzungushiwa kamba ili lisipasuke linapovutwa na foromali upande wa juu na demani upande wa chini. Upepo ukiwa hafifu, mabaharia hulimwagia maji ili nyuzi za pamba zivimbe na kuziba matundu. Poliesta, kwa taarifa yenu, haina adabu hiyo.

Mwaka wa kwanza linaanza kulika pale linaposuguana na mlingoti. Linatiwa kiraka. Mwaka wa pili pindo limechoka, linakatwa na kushonwa upya, tanga likapungua kidogo. Inafika siku nahodha anasema halimwamini tena tanga hilo katika kusi kali, naye anamuuzia mwenye mashua. Mjomba analifumua, anaondoa kingo, anachukua moyo wa kitambaa uliobaki na nguvu na kukata tanga dogo zaidi. Kutoka mashua linashuka hadi ngalawa kwa utaratibu uleule. Ngalawa ikishalimaliza, linakuwa kivuli cha mama lishe, au la kuanikia dagaa. Tambara la mwisho lilichambuliwa, likasokotwa na mafuta na kuingizwa baina ya mbao kama kalafati, au lilikatwa tambi za koroboi siku ambazo umeme ulikuwa habari ya mjini. Bibi yangu alipofariki, wageni waliokuja matangani walikaa uani chini ya tanga la mashua lenye viraka kumi na moja. Nilivihesabu, kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikujua niyatazame wapi macho yangu.

Katika kila hatua hizo kuna mnunuzi, muuzaji na fundi anayelipwa kiasi kidogo. Kuna bei. Ni soko kamili lisilo na leseni wala nembo, na ndilo linalomwezesha kijana asiye na mtaji kuingia baharini. Tanga la pamba lililokwisha kutumiwa mara mbili ndilo analoweza kulimudu. Mradi wetu ungeling'oa tanga mikononi mwa nahodha mara tu lilipochoka, yaani pale hasa ambapo warithi wake wanaanza kusubiri. Na kijana wa ngalawa, akilikosa, angefanya kile ambacho wengi wameshaanza kufanya: angeshona viroba.

Sitaki kuwachora wavuvi kama watu wasioguswa na nyakati. Anayetembea leo ufukweni Bagamoyo, Kilwa au Kigamboni ataona ngalawa zenye matanga ya viroba vya sukari na unga, maandishi ya kampuni yakiwa yamepinduka juu ya bahari, pamoja na vipande vya turubai la buluu. Ni rahisi, ni vyepesi, na vinapatikana kila duka. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, viroba vya nafaka havikuguswa, kwa sababu zinazoeleweka. Lakini kiroba hakikutengenezwa kikae juani mwaka mzima. Miezi michache tu kinaanza kupukutika nyuzi nyembamba, na kinapukutikia majini. Kwa hiyo mradi wa kupunguza plastiki baharini ungeweza kuongeza plastiki baharini, kwa vyombo vidogo kabisa na karibu kabisa na matumbawe. Hili linanitia aibu kuliko mengine, kwa sababu hesabu yake haihitaji shahada.

Viroba hivyo kwetu huitwa pia mifuko ya sandarusi, na neno hilo lina historia inayonizuia kuipamba pwani yetu ya zamani. Sandarusi ni utomvu mgumu uliochimbwa ardhini katika Mrima na kusafirishwa kupitia Zanzibar. Waliounuaji kwa wingi katika karne ya 19 walikuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambako ulisafishwa na kutengenezwa vanishi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, meli zao zilileta kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wakakiita marikani, na jina likabaki. Mjomba hadi leo huita marikani kitambaa chochote cha pamba kinachofaa kushonwa tanga, hata kikiwa kimetoka Pakistan. Pamba ya marikani ya asili ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani; ikafumwa kaskazini; ikauzwa katika kisiwa ambacho nacho kilikuwa soko la watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoukata mnyororo huo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaziba pengo. Atakayeniambia kwamba babu zetu waliishi katika uchumi mzunguko safi nitamwomba aanze na gora la marikani.

Kabla ya marikani kulikuwa na mtepe. Huo ulikuwa chombo kilichoshonwa, mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, na tanga lake la pembe nne lilikuwa mkeka uliosukwa kwa miyaa. Chombo kizima, kuanzia mkuku hadi tanga, kingeweza kurudi udongoni bila kuacha kitu. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mfano wake mkubwa uliwekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Siwashauri wavuvi warudie mikeka. Mkeka ni mzito, hauendi joshi kwa ufanisi, na hakuna aliyelazimishwa kuuacha. Mabaharia walichagua pamba walipoipata. Nautaja kwa sababu wanaotuletea dhana ya usanifu usioacha taka huileta kama uvumbuzi, nasi tunaipokea tukiandika kwa bidii daftarini.

Nirudi kwenye mkoba, ambao nao una asili yake. Matanga ya kisasa ya Ulaya na Marekani, hasa ya mashindano, hutengenezwa kwa tabaka: nyuzi za kaboni au aramidi zilizobanwa kwa gundi katikati ya karatasi nyembamba za plastiki. Zikishagandamana kwa joto, kuzitenganisha ni kazi isiyolipa. Tanga la mashindano huweza kumaliza umri wake kwa msimu mmoja au miwili, na baada ya hapo hakuna anayelihitaji. Huishia shimoni au tanurini. Katika mazingira hayo mkoba ni jambo la maana. Portland, katika jimbo la Maine, kuna kampuni iliyoanza kushona mikoba ya matanga makuukuu mwaka 1999 na ambayo inaendelea hadi leo. Watengenezaji wengine wa Ulaya wameanza kuunda matanga ya plastiki ya aina moja, yasiyo na gundi, ili siku moja yaweze kuyeyushwa pamoja. Nawapongeza wote kwa dhati. Walichofanya ni kukitafutia mteja kitu kilichokosa mteja. Sisi tulichotaka kufanya ni kukiondoa kitu chenye wateja watatu au wanne katika foleni, tumuuzie wa tano kwa sababu ana dola.

Sipingi urejelezaji. Mwaka 2018 huko Lamu iliteremshwa majini FlipFlopi, mashua iliyoundwa chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda kwa takriban tani 10 za plastiki zilizokusanywa na kupambwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata ilisafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Kilichonivutia katika kazi hiyo ni chaguo la malighafi. Kandambili iliyokatika na kutupwa na mawimbi haina mrithi. Hakuna aliyenyang'anywa.

Swali ambalo ningependa watumishi wa umma wanaosoma hapa wajiulize ni kwa nini fedha zote zinatiririkia mzunguko wa nje. Jibu langu ni kwamba mzunguko wa nje unahesabika. Tani zilizokusanywa, mikoba iliyouzwa, akina mama waliofunzwa: hivyo vinaingia vizuri katika jedwali la robo mwaka. Kiraka hakihesabiki. Fundi anapoongeza miaka mitatu katika umri wa tanga, kinachotokea kiuchumi ni kwamba kitu fulani hakikununuliwa, na pato la taifa halina safu ya vitu visivyonunuliwa. Mjomba alikuwa na vijana watatu wa kufundisha nilipokuwa sekondari. Sasa ana mmoja, naye mchana huondoka kwenda kuendesha bodaboda. Kijana huyo akiondoka moja kwa moja, hakuna ofisi yoyote itakayoandika kwamba pwani imepoteza kitu.

Si lazima iwe hivyo. Tangu mwaka 2023 Ufaransa humpunguzia mteja sehemu ya gharama anapopeleka nguo au viatu kwa fundi aliyesajiliwa badala ya kununua vipya, na fedha hizo hutoka kwa wazalishaji wenyewe. Naujua ubishi utakaofuata: Ufaransa ni Ufaransa, na wazalishaji wetu wako Guangzhou. Lakini mradi nilioupitia tayari ulikuwa na fedha za kununulia matanga mapya. Sehemu yake ingeweza kulipia viraka.

Kuna shimo kubwa zaidi ambalo hakuna mradi wa mikoba unaoligusa. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, kwa mvua na kwa jembe, na sehemu kubwa ya nyuzi zake husafirishwa nje ikiwa ghafi. Tuliwahi kuwa na viwanda. Urafiki kilijengwa hapa Dar es Salaam kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, na kila mkazi wa jiji wa umri wangu anakijua angalau kwa jina la kituo cha daladala. Sasa mjomba anashona marikani iliyoagizwa, na wenzake wanashona viroba. Ukipenda kuchora duara la tanga la Kitanzania, anzia hapo, uone kalamu itakavyotoka nje ya ramani mara mbili kabla ya kufika Bagamoyo.

Nilirudi nikaandika upya tathmini. Nilipendekeza mradi usinunue tanga lolote ambalo fundi wa eneo hilo hajathibitisha kwamba haliwezi tena kuwa tanga la chombo chochote, na kwamba fundi alipwe kwa uthibitisho huo. Nilipendekeza nusu ya fedha za poliesta ziwe ruzuku ya ukarabati, na kila fundi anayepokea ruzuku awe na mwanafunzi mmoja anayelipwa posho. Na kama poliesta italetwa, anayeileta aandikishe ahadi ya kuichukua itakapokufa, kwa gharama zake, kwa sababu hapa hatuna kiwanda cha kuipokea. Kuhusu mikoba nilisema ishonwe kwa matambara ya mwisho. Itakuwa michache, na haitakuwa meupe wala sare.

Mhariri wa shirika alinipigia simu, kwa heremu nyingi na heshima zaidi, akaniuliza kama sehemu ya fundi ingeweza kuhamishiwa kwenye kiambatisho. Nilikataa. Barua iliyofuata ilinishukuru kwa mchango wangu wa thamani na kunijulisha kwamba mapendekezo yatazingatiwa katika awamu ya pili. Awamu ya kwanza imekwisha kuanza. Malipo yangu ya mwisho bado hayajaingia, na nimeamua kutoyaulizia, ingawa mke wangu ana maoni tofauti.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa mjomba. Alikuwa anashonea ngalawa tanga la viroba, na katikati, pale upepo unapobeba zaidi, alikuwa ameacha kipande kirefu cha pamba ya zamani. Mwenye ngalawa, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amechuchumaa kando, akihesabu kwa macho. Nilimuuliza kwa nini asishone viroba vitupu, ingekuwa rahisi zaidi. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Viroba vitupu vinalia, mwalimu," akasema. "Samaki wanasikia."

Mjomba alinipa upande wa pili wa mshono na shazia ya akiba. Nilishona kiasi cha dhiraa moja, jasho likinitoka, nikijiona nimefanya vema. Alipomaliza upande wake alikuja, akapitisha kidole juu ya mishono yangu, akatoa kisu, akaifumua yote. Kisha akaupitisha uzi tena juu ya nta na kunirudishia.